Kanzu, Mama wa Nguo Zote

Jumatatu, 21 Juni 1976

Leo nimeanza maisha mapya. Miaka arobaini na saba, kipara, goti la kulia linalolia kama bawaba ya mlango, na bado naanza upya. Sidhani kama kuna mwingine hapa Gongoni awezaye kusema hivyo. Wengi wao hata maisha ya zamani hawajayaanza.

Sababu ni kijitabu. Yule Mnorwe wa mambo ya misitu amerudi kwao juzi. Nilimshonea suruali tatu, zote zikambana, na bado alikuja kuniaga kwa adabu. Akaniachia kikapu. Ndani soksi, kopo tupu la kahawa, na kijitabu cha Kiingereza cha kurasa arobaini. Kinafundisha namna ya kuiandikia maagizo kompyuta, tena kwa njia mpya iliyozuliwa kwao, njia ya vitu. Kwa wanaoanza, kimeandikwa juu. Yaani mimi.

Kompyuta yenyewe sijaiona. Masele anasema ni redio inayojua hesabu. Nasikia serikali imezizuia zisiingie nchini. Hainihusu. Mwalimu wangu wa jiografia hakuwahi kuiona Kanada, na alitufundisha Kanada miaka miwili kwa fimbo.

Nilichoelewa hadi ukurasa wa sita: huandiki maagizo marefu kutoka juu hadi chini kama barua ya kuomba kazi. Kwanza unachora kigezo. Kutoka kigezo kimoja unazaa vitu vingi upendavyo. Kila kitu kina mambo yake tumboni na kazi zake kinazozijua. Hapo nikaweka kijitabu chini nikacheka peke yangu. Kigezo ni karatasi ya kukatia. Kitu ni nguo. Wanorwe wamesumbuka miaka yote hiyo kuja kugundua ufundi cherehani.

Na imekuja wakati wake. Kikundi chetu cha ushirika kina mafundi wanne na chumba kimoja karibu na soko. Mwenyekiti ni mimi, Twalibu. Naibu ni Batuli, mjane, mwenye mikono hodari na ulimi hodari zaidi. Masele ni Msukuma mrefu, hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hujuta aliyeuliza. Mzee Shaban anatia vifungo na kupima watu, macho yake yameanza kuwa na ukungu.

Tumepewa sare thelathini za kwaya ya kisomo, wazee waliojua kusoma mwaka jana na sasa hawasikii la mtu. Shati la kijani, suruali ya kaki. Zitavaliwa Saba Saba. Ndugu Raymundi, afisa wa utamaduni, amesema waziwazi: zikiwa tayari na zikikaa vizuri, chumba ni chetu na kitambaa cha kaki tutapata kila mwaka. Zisipokuwa tayari, ufunguo anapewa Wenceslaus.

Wenceslaus ni jirani yetu, anashona makatambuga, viatu vya matairi ya lori. Amekwisha kuja mara mbili kusimama mlangoni na kuangalia kuta zetu kama mtu anayechagua mbuzi.

Jumanne, 22 Juni

Mkutano. Niliwaeleza mafundi wangu kwamba tangu leo chumba chetu ni kompyuta, na wao ni vitu. Batuli akauliza kama vitu vinakunywa chai. Nikasema chai ipo. Akasema basi endelea.

Nikaeleza kanuni ya kwanza, ya usiri. Kila kitu kinafunga mambo yake tumboni. Mwingine haruhusiwi kuchungulia. Akitaka jambo anatuma ujumbe, anapewa jibu, basi. Hapa kwetu siku zote watu wanne wanakaa kwenye jamvi moja barazani, huyu anashika pindo la huyu, yule anasema kola yako imekwenda upande, mwingine anasimulia harusi ya mtaa wa Isevya. Hiyo si kazi. Hiyo ni ngoma bila ngoma.

Kwa hiyo mapazia. Magunia ya katani manne, kila fundi na chumba chake kidogo. Kamba ya kutundikia ikakosekana. Nikainua macho, nikaiona ukutani.

Lazima nieleze upuuzi wenyewe. Mzee Shaban hapimi kwa futi. Babu yake alikuwa fundi wa misafara kule Kwihara, akiwashonea wapagazi, na ukoo mzima umebaki huko huko. Mteja akija, Mzee anachukua uzi mnene wa pamba, anafunga fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu. Mwisho wa uzi anafunga kipande cha nguo ya mwenyewe, anautundika msumarini. Ukitaka kumshonea mtu, unashusha uzi wake. Unene wake, kibiongo chake, yote uzi unayajua, wewe hukumbuki kitu. Nyuzi thelathini za kwaya zilikwisha kupimwa wiki jana, zinaning'inia kama utando wa buibui mbele ya wageni.

Nikazishusha, nikazisokota tatu tatu, nikaziunganisha. Kamba safi kabisa. Mapazia yamekaa kama ya hospitali.

Nilimwamkia Mzee shikamoo kabla ya kuzishusha, ili nisionekane mkosa adabu. Akaitikia marahaba, kisha akaitazama misumari. Baadaye akauliza kama nina hakika. Nikamwambia Mzee wangu, sasa ni zama za sayansi. Akasema haya, akaenda kutafuta ubao wake wa kukalia.

Alhamisi, 24 Juni

Usiri unafanya kazi, isipokuwa mkasi mkubwa ni mmoja. Nimempa Masele, awe kitu chenye mkasi, yeye ndiye mkataji. Akihitaji mwingine kukata uzi tu, lazima aandike kikaratasi, anitumie mimi, mimi nimpelekee Masele. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimetembea ndani ya chumba hicho kama karani wa posta. Goti limelia kutwa. Batuli ameanza kukata uzi kwa meno. Nimemwandikia onyo. Amejibu kwa kikaratasi kwamba meno ni mambo ya ndani ya kitu na mwenyekiti haruhusiwi kuchungulia.

Kajifunza haraka mno. Sipendi.

Nyumbani nimejaribu pia. Nilikaa sebuleni, nikamwandikia mke wangu Kuluthumu ujumbe: Chakula. Sikueleza namna ya kupika, maana hayo ni ya ndani yake. Nikampa binti yetu Masika apeleke jikoni. Jibu likarudi, mwandiko mzuri kabisa: Ujumbe umepokelewa. Kuni hakuna. Shoka liko nyuma ya choo.

Ijumaa, 25 Juni

Baada ya sala nimefika ukurasa wa kumi na nne, na nimekutana na jambo lililonitoa jasho kwa uzuri wake. Kurithi. Unatengeneza kigezo mama. Halafu kigezo mtoto kinarithi kila kitu cha mama bila kuandikwa tena. Unaandika tofauti tu. Uvivu uliopata elimu.

Sasa mama wa nguo zote ni nani? Nilifikiri robo saa nzima. Ni kanzu, bila shaka. Marehemu baba alianza na kanzu, mimi nilianza na kanzu, na mtu anaanza nayo siku anayopelekwa chuoni kusoma Kurani na anakaribia kumaliza nayo. Nimeandika kwa wino, kwa herufi kubwa, nikabandika ukutani:

KANZU. Shingo moja, ya duara. Mikono miwili. Kifua shibiri sita. Urefu hadi kifundo cha mguu.

SHATI, mtoto wa Kanzu. Tofauti: urefu hadi kiunoni, mifuko miwili kifuani. Mengine yote kama mama.

SURUALI, mtoto wa Kanzu. Tofauti: kiuno, miguu miwili, mifuko ubavuni. Mengine yote kama mama.

Mistari mitatu tu. Batuli angetumia wiki nzima ya kubishana. Alisoma akiwa amejishika kiuno. Akauliza suruali ni mtoto wa kanzu kwa baba yupi. Nikamwambia urefu: zote mbili zinafika kifundoni, ukoo unaonekana. Akauliza tena, na ambalo hukuliandika? Nikamwonyesha mstari kwa kidole. Kama mama. Kitu hakibuni, kitu kinatii. Akamtazama Masele. Masele akatazama paa.

Jumamosi, 26 Juni

Futi haipo. Wenceslaus aliiazima Jumatatu, na leo nimempitia nikamkuta anapima nayo ukuta wake, huku ameandika kwa chaki kwenye mlango vipimo vya chumba chetu. Nikamwambia arudishe. Akasema kwa upole kwamba atairudisha siku atakayohamia, nisiwe na wasiwasi, haitapotea, tutakuwa majirani hata kama mimi nitakuwa nje. Mtu huyu anatembelea matairi na bado ana maringo ya mwenye gari.

Si neno. Ndiyo maana nimeandika shibiri. Kiganja kila mtu anacho, hakiazimwi. Tena kijitabu, ukurasa wa ishirini na moja, kinasifu jambo hilo hilo: unatuma ujumbe mmoja, na kila kitu kinaujibu kwa namna yake. Nimetuma ujumbe nyuma ya mapazia yote: pima kifua, shibiri sita. Kila mmoja kapima kwa namna yake.

Kiganja cha Masele ni kama kafi la mtumbwi. Nimeliona hilo, lakini ni la ndani yake.

Jumatatu, 28 Juni

Pigo dogo. Masele ametoa suruali ya kwanza. Imekatwa vizuri, imeshonwa vizuri, ina kiuno, ina miguu miwili, ina mifuko ubavuni. Ina pia mikono miwili na shingo ya duara.

Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ni mtoto wa kanzu. Nikamuuliza alidhani nani angeivaa. Akafikiri, akasema labda watu wawili wanaopendana.

Nikasikia Batuli anacheka nyuma ya gunia lake. Nimechukia, kisha nimekumbuka kwamba mjuzi hachukii, anasahihisha. Kosa liko wapi? Mikono na shingo zimerithiwa. Zimetoka kwa nani? Kwa mama. Basi dawa iko kwa mama. Sikutaka kugusa kigezo cha suruali, nikaonekana nabahatisha. Nikaenda kwenye karatasi ya KANZU pale juu, nikafuta Shingo moja, nikafuta Mikono miwili. Mara moja tu, na suruali zote thelathini zimepona.

Huo ndio uzuri wa njia hii. Unagusa mahali pamoja, kila mahali panabadilika.

Alhamisi, 1 Julai

Sijawahi kuona chumba kimetulia hivi. Hakuna soga, hakuna harusi ya Isevya, cherehani tu zinaenda kama mvua ya mawe juu ya bati. Wanakata, wanashona, wanarundika. Nimepiga marufuku maswali mpaka rundo litimie, maana kila swali linanitembeza. Vikaratasi vitiwe kwenye lile kopo la kahawa la Mnorwe. Nitavisoma kwa pamoja.

Kopo limejaa. Dalili ya ari.

Ndugu Raymundi anakuja keshokutwa kukagua. Nimemwambia Kuluthumu kwamba huenda nikaitwa Dar es Salaam siku moja kuwafundisha wakubwa. Akasema nikienda nimnunulie sufuria, na nisiwaambie wakubwa kwamba nimeoa.

Jumamosi, 3 Julai

Ukaguzi umepita.

Ndugu Raymundi alifika saa nne, kashika fimbo yake ya kirungu na daftari. Wenceslaus kaja nyuma yake bila kualikwa, na futi yetu shingoni. Nikatoa hotuba fupi juu ya sayansi. Nikafungua pazia la kwanza, nikachukua shati la juu kwenye rundo, nikampa afisa alione.

Akasema atalijaribu mwenyewe, maana anafanana mwili na mzee mmoja wa kwaya. Akavua koti. Akainua mikono, akaingia ndani ya shati kutoka chini.

Hakutokea.

Tulisubiri. Kijani kikawa kinajongea huku na huku. Vidole vilikuwa vikipapasa mifuko ya kifuani kwa ndani. Kisha sauti ikatoka, yenye adabu ya ofisini, ikiuliza Ndugu Mwenyekiti mlango uko wapi.

Nilipofuta mikono na shingo kwa mama, mashati nayo yamepoteza mikono na shingo. Yote thelathini. Magunia ya kijani, yameshonwa juu, mifuko miwili kifuani, tena makubwa, kwa kuwa ni shibiri za Masele. Kila moja linatosha debe mbili za mpunga.

Masele ndiye aliyemtoa afisa, kwa kumvuta miguu. Ndugu Raymundi alichana nywele, akavaa koti, akaandika mstari mmoja daftarini. Jumanne alasiri anarudi. Sare thelathini ziwe zimetundikwa ukutani, kila moja inamtosha mwenyewe. La sivyo ufunguo. Hakusema zaidi. Wenceslaus alimfungulia mlango kama vile mlango ni wake.

Nikalifungua kopo. Vikaratasi vyote vya Batuli, kwa tarehe.

Ndugu Mwenyekiti, kichwa cha mtu kitapita wapi?

Ndugu Mwenyekiti, mikono je?

Ndugu Mwenyekiti, najua unasema nitii. Lakini hii ni nguo ya mtu au ya kitanda?

Ndugu Mwenyekiti, sawa. Nashona.

Nikamuuliza kwa nini hakuniita tu kwa sauti, tuko chumba kimoja. Akasema nilikataza. Kisha akasema jingine, polepole, bila mzaha, na ningependa asingelisema. Kwamba chumba hiki kinalisha nyumba nne. Kwamba yeye hana cherehani nyingine, ana watoto watatu, na Mzee Shaban kwa macho yale hataajiriwa na mtu. Kwamba mimi nikikosa uenyekiti nitakosa kiti tu.

Nikakichukua kijitabu. Nikatafuta jibu humo. Hamna.

Jumapili, 4 Julai

Nimefika saa moja asubuhi na kukuta Batuli amekwisha kutandika jamvi barazani. Kanikabidhi pasi ya mkaa na kunionyesha mahali pa kukaa. Sikubisha. Nilikuwa bado mwenyekiti, lakini mwenyekiti wa pasi.

Tatizo lilikuwa vipimo. Wanakwaya wamesambaa, mmoja Kwihara, wawili mtaa wa Ng'ambo, wengine wamekwenda Ipole kwenye asali, wanarudi Jumanne. Futi iko kwa adui. Batuli akamuuliza Mzee Shaban kama anakumbuka miili yao. Mzee akasema yeye hakumbuki kitu, hajawahi kukumbuka, ndiyo sababu ya nyuzi. Wote wakanitazama mimi.

Nikatazama mapazia.

Tulishusha magunia. Mzee akaketi na kamba yangu mapajani, akaanza kuifungua kwa vidole, macho ameyafumba, hayamsaidii hata hivyo. Nilikuwa na hofu atachanganya mafundo yangu na yake. Akasema hilo halina shida, mafundo yake ni madogo yamebanwa, yangu yamevimba kama vitumbua. Ya vitumbua akayafungua yote. Zikabaki nyuzi thelathini, kila moja na kipande chake mwishoni: kanzu chakavu, msuli, shati la reli. Huyu ni Silasi wa Kwihara, akasema, bega moja limeshuka. Huyu Anton, kifua chembamba tumbo nene. Huyu kafiwa mwaka huu, amekonda, kazeni kidogo.

Na magunia yale ya kijani, kwa kuwa Masele kayakata makubwa, yana nguo ya kutosha kutoa shati na mikono yake miwili na kola juu. Suruali ni pana tu, hizo zinapunguzwa. Batuli kasema nimemsaidia bila kukusudia. Masele akasema mimi siku zote nasaidia hivyo hivyo.

Niliunguza kidole mara mbili.

Jumanne, 6 Julai

Siku tatu kwenye jamvi. Wanaongea bila kupumua. Harusi ya Isevya nimeisikia sasa kutoka kwa bwana harusi, kwa bibi harusi na kwa mbuzi. Batuli anashusha uzi, anapaza sauti, Silasi, bega la kushoto chini, na Masele anakata kwa kufuata mafundo. Hawaangalii karatasi wala ukuta. Mtu akikosea jirani yake anamgonga kiwiko. Ni fujo tupu. Na sare zinatoka.

Ndugu Raymundi alikuja alasiri. Thelathini ukutani, kila moja na uzi wake juu ya msumari. Safari hii hakujaribu. Alipitisha mkono shingoni mwa shati la kwanza, ukatokea upande wa pili, akaitikia kwa kichwa. Akamwamkia Mzee Shaban. Akamuuliza Batuli, mbele yangu, nani anaongoza hapa. Batuli akanitazama kidogo, akasema sote, ndugu, kwa mkopo wa uzi wa Mzee.

Lakini afisa hakutoa ufunguo. Alisema ataamua kesho, ataona zikivaliwa.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Vumbi, bendera, mbuzi wa nyama wanapita mbele ya jukwaa kama wageni rasmi. Kwaya imepanda, wazee thelathini. Mzee Silasi alisimama mstari wa mbele, bega limeshuka kama alivyozaliwa nalo, na shati limelala juu ya bega hilo kama maji. Mzee Anton tumbo ndani, kifua nje, kifungo hakilalamiki.

Waliimba juu ya kusoma na kuandika. Mmoja alisahau maneno, akatoa karatasi mfukoni mwa kifua, akaisoma mbele ya watu wote, akaendelea. Watu walimpigia vigelegele kuliko kwaya nzima. Mfuko ule, nikamwambia Kuluthumu, ndio sehemu yangu. Mifuko miwili kifuani niliiandika mimi.

Ndugu Raymundi ametoa ufunguo. Kampa Batuli. Wenceslaus aliipokea habari akiwa amesimama kwenye makatambuga yake, akavua futi shingoni, akanirudishia mkononi. Ilikuwa imekatika mwanzoni, inaanzia inchi ya saba. Kasema aliiazima hivyo hivyo. Mwongo mkubwa.

Ijumaa, 9 Julai

Uchaguzi wa kikundi. Batuli mwenyekiti, kura tatu. Mimi kura moja, naijua ilikotoka. Wamenipa kazi ya pasi, ya kudumu, kwa maneno mazuri. Mzee Shaban kanipima uzi wangu pia, bila kuombwa, kautundika na wenzake. Kipande alichofunga mwishoni ni cha kanzu ya marehemu baba, sijui alikitunza tangu lini. Nikatia mkaa kwenye pasi.

Nimerudi nyumbani kukisoma kijitabu upya, ili nijue wao walikosea wapi. Nimemsomea Kuluthumu kwa sauti, nikimtafsiria, ukurasa wa tisa: kila kitu hubeba vipimo vyake chenyewe, na anayekituma kazi hana haja ya kuvijua. Kuluthumu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, si kama nyuzi za Mzee Shaban?

Nikamweleza kwa subira. Kwamba hapana, Mama Masika, ni jambo tofauti kabisa. Nyuzi zile hazikuandikwa na Mnorwe. Ni ushamba wa misafara uliobahatika mara moja. Akasema haya, akaendelea na mchele.

Kosa letu nimeligundua. Nilifuta mama nusu nusu. Sikupaswa kugusa mama kabisa, mama alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, watoto ndio hawakumtii. Mara nyingine nitaanza na jambo dogo, lililo mikononi mwangu, na sitafuta hata neno. Hata sasa nimeshika kalamu. Kesho asubuhi Batuli atakuta karatasi mpya ukutani, juu ya mkaa:

PASI, mtoto wa Kanzu. Tofauti: ina moto. Mengine yote kama mama.